Prado 120 la kubebea asali: ninyanyue inchi ngapi, na nifunge tairi gani?

Mrina_Sikonge

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Nina Prado 120 la mwaka 2006, petroli 2.7, ile injini ya 2TR, otomatiki, lililotoka Japani. Kazi yangu ni kununua asali kwa warinaji. Nakaa Sikonge, nazungukia Ipole, Kitunda na vijiji vya ndani huko ambako njia ni ya porini tu. Lami ya kwenda Tabora haina shida. Shida ni njia zilizochimbwa na malori ya tumbaku. Lori likipita kipindi cha matope linaacha mifereji miwili, katikati linaacha tuta, jua likipiga tuta linakauka linakuwa tofali. Nikiingia humo tumbo la gari linasugua mwanzo hadi mwisho. Mara ya mwisho niligonga kitu mpaka ndoo za nyuma zikaruka.

Mzigo wangu ni ndoo za lita 20. Safari iliyojaa ni ndoo 20. Nikirudi hivyo, gari nyuma limekaa chini kama bata, taa za mbele zinamulika matawi.

Matairi niliyonayo ni 265/65R17, meno yameisha, lazima ninunue mengine hata kama sinyanyui. Fundi mmoja ananiambia aweke spesa (vipande vya chuma vya kunyanyulia) juu ya shokapu za mbele, nyuma aongeze vipande chini ya springi, apate inchi 4, halafu nifunge 285/75R17. Anasema atakata kidogo ndani ya madigadi ya mbele. Rafiki yangu mwenye Hilux anasema nisithubutu, nifunge 265/70R17 na inchi 2 basi.

Bajeti yangu ni milioni tano na nusu kwa kila kitu. Sitaki gari la kupigia picha. Nataka lipite, lirudi na mzigo, na Jumapili mke wangu aweze kupanda kwenda kanisani bila kushikwa mkono.

Yupi yuko sahihi? Na je, kuna kitu nisichokijua ambacho kitanigharimu baadaye? Natanguliza shukrani.

Inchi_Nne

Mkuu, msikilize fundi. Mimi niko Dar, langu lina inchi 4 na 285, linakaa kibabe hatari. Bajaji zinanipisha zenyewe. Ukishazoea kukaa juu huwezi kurudi chini. Hayo mambo ya inchi 2 ni ya wazee, utatoa hela halafu jirani asijue kama umefanya kitu. Madigadi yanakatwa kwa nusu saa, unapaka rangi, maisha yanaendelea.

Spana17

Mdogo wangu Mrina, kabla hujamjibu fundi wako, tandika mkeka, ingia chini ya gari na tochi ya simu. Tafuta chuma kilipong'aa. Hapo ndipo panapogonga, na kila mahali pana dawa yake. Mimi niko Morogoro, magari ya Ifakara, Malinyi na Mahenge yamepita mikononi mwangu kwa miaka mingi, na wengi wanaokuja kutaka kunyanyua hawajawahi kuchungulia chini hata siku moja. Wanajua limegonga. Hawajui kimegonga nini.

Nakuambia hivi kwa sababu Prado 120 mbele na nyuma ni kama halikutengenezwa na mtu mmoja. Mbele kila gurudumu lina mikono yake, na difu ya mbele, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imefungwa kwenye chasisi. Ukiweka springi ndefu, chasisi inapanda, difu ya mbele inapanda nayo, na bamba la kukinga injini pia. Nyuma kuna ekseli moja ngumu, difu imo humohumo ndani ya ekseli, na springi imekaa juu ya ekseli. Weka springi ya inchi 2, weka ya inchi 10, bodi itapanda mpaka utafute ngazi, lakini tumbo la difu ya nyuma litabaki palepale. Kinacholitenga na ardhi ni tairi, basi. Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea.

Na tairi lenyewe linalipa nusu. Piga hesabu na mimi. 265/65R17: upana ni milimita 265, ukuta ni asilimia 65 ya huo upana, yaani 172. Kuta mbili, moja juu moja chini, jumlisha na rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432, unapata tairi la urefu wa milimita 776. Ukienda 265/70R17 unapata 803. Tofauti ni 27, lakini difu inapanda nusu ya hiyo, 13, kwa sababu nusu nyingine imekwenda juu ya ekseli. Milimita 13 ni unene wa kidole changu kidogo. Usidharau, mara nyingi hizo ndizo zinazoamua kama unasugua au unapita, ila usitegemee miujiza.

285/75R17 ni milimita 859. Hapo difu inapanda milimita 41. Hiyo ni faida ya kweli, sikatai. Sasa sikiliza bei yake. Tairi limekuwa kubwa kwa karibu asilimia 11, na gia zako zote zimekuwa ndefu kwa kiasi hichohicho, yaani nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu imepungua kama sehemu moja ya kumi. Una 2.7 petroli, otomatiki, na ndoo 20 nyuma. Injini hiyo ni imara sana, lakini si ya kuinyang'anya nguvu. Breki nazo zinashika tairi zito na refu zaidi kuliko zilivyopimiwa kiwandani. Na pale fundi anaposema "atakata kidogo", kinachogusana na 285/75 ukikunja usukani si plastiki peke yake. Nyuma ya tairi la mbele kuna kishikio cha bodi kilichochomelewa kwenye chasisi. Atakula na hicho. Mwulize kabla hajawasha grainda.

Spesa za mbele. Shokapu ya mbele ya Prado haikushika mwisho wa mkono wa chini, imeshika kwa ndani. Ndiyo maana kipande cha milimita 25 juu ya shokapu kinanyanyua gari karibu milimita 50. Fundi anapenda spesa kwa sababu ni rahisi na gari linapanda mara moja. Lakini gurudumu likining'inia, shokapu ikafika mwisho wake, ule unene wa spesa umelisukuma chini zaidi ya pale mtengenezaji alipokusudia. Anayeumia ni sivijointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, inayozunguka imepinda, mpira wake unaochanika na kutema grisi, na boljointi ya juu. Kwa inchi moja ya spesa watu wanaishi nayo. Kwa inchi 4 unanunua sivijointi kama unanunua mkate.

Hizo ndoo zako ni suala lingine. Asali si maji. Lita 20 za asali ni kama kilo 28. Ndoo 20 ni kilo 560, na wewe na kijana wako wa kupakia bado sijawahesabu. Kwa hiyo usinijibu "gari liko chini" tu. Pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, likiwa tupu na likiwa na ndoo. Leta namba, pamoja na mahali palipong'aa. Hapo tutaongea.

Mrina_Sikonge

Mzee Spana, shikamoo, na asante. Nimeingia chini leo asubuhi, jirani akanitumia mtoto aulize kama gari limekufa.

Tumbo la difu ya nyuma limeng'aa upande wote wa chini. Kishikio cha chini cha shokapu ya nyuma kulia kimepinda kidogo. Chuma cha kuvutia tela kilicho chini ya bampa la nyuma kimejaa udongo mkavu na kimekwaruzika sana, pengine kuliko hata difu. Mbele, lile bamba lina mikwaruzo michache na bolti moja imesagika kichwa.

Vipimo: mbele likiwa tupu ni sentimita 50 kushoto na kulia, nikipakia halibadiliki sana. Nyuma likiwa tupu 51, na ndoo 20 linashuka hadi 42.

Halipakiwi kila siku. Msimu wa asali linabeba karibu kila wiki, halafu miezi mingine ni la familia na safari za Tabora.

Swali jingine: kuna mtu kaniambia tairi pana ndilo linalopita matope. Kwetu kuna mbuga, ule udongo mweusi, mvua ikinyesha hata baiskeli haisukumiki.

Dada_wa_Karatu

Kaka Mrina, hapo kwenye upana nisaidie kujibu, mzee Spana atanisamehe kwa kuingilia. Mimi naendesha watalii, Land Cruiser za bodi ndefu, Ngorongoro, Natron, mpaka Serengeti kaskazini.

Angalia magari ya kazi huku. Mengi yanavaa 7.50R16, tairi jembamba, refu kama sentimita 80, ukuta mrefu. Kuna sababu. Udongo mweusi ukiwa laini juu na mgumu chini, tairi jembamba linakata ule ute wa juu na kushika kwenye ugumu. Tairi pana linaelea juu yake, linajaza tope kwenye meno, linakuwa la upara na wewe unakwenda pembeni taratibu huku usukani umekunja upande mwingine. Mchangani ndipo upana unakufaa, na hata mchangani kupunguza upepo kunasaidia kuliko kununua upana. Kwa hiyo 265 uliyonayo inatosha kabisa. Ongeza urefu, upana uache.

Ukinunua, tafuta lenye kuta imara, zile za kazi zinazoandikwa LT mbele ya namba. Huko kwenu miombo imekatwa, visiki vimejaa. Kisiki hakitoboi chini, kinachana ubavu, na ubavu ukichanika fundi pancha hana cha kukusaidia. Ila tairi za LT zinataka upepo zaidi ya ule ulioandikwa mlangoni kwa tairi la kawaida. Ukilibebesha ndoo 20 kwa upepo wa zamani litachemka.

Jambo moja ambalo wanaume wa inchi nne hawasemi: hili tuta la katikati halishindwi kwa springi peke yake, linashindwa kwa kuchagua njia. Ukiona mifereji imekuwa mirefu, usitumbukie humo. Panda, gurudumu moja juu ya tuta, jingine kwenye ukingo wa nje, difu ipite juu ya mfereji. Njia ikiwa kavu inafanyika mchana kutwa. Ikiwa imelowa utateleza utumbukie, hilo halina ubishi. Shuka kwanza, chomeka kijiti katikati ya mfereji, weka alama kwenye kimo cha tuta, halafu kilinganishe na difu yako. Alama ikiwa juu kuliko nafasi ya chini ya difu, geuza. Wageni wangu wanapiga picha nikifanya hivyo, wanadhani napima kina cha historia.

Na shusha gari kwenye lo, ile gia nzito ya porini, na ufunge difu ya kati kabla hujaingia. Usisubiri mpaka magurudumu yaanze kuzunguka bure.

Spana17

Marahaba. Dada amemaliza habari ya upana, sina la kuongeza isipokuwa kwamba hicho kijiti nami nitakianza.

Sasa namba zako zinazungumza. Tuanze nyuma kabisa, kwenye chuma cha tela. Hicho kinaning'inia kwenye chasisi, na gari likishuka sentimita 9 kwa mzigo kinashuka zaidi ya hizo, kwa sababu kiko nyuma ya ekseli. Ndiyo maana kila ukitoka kwenye korongo kinachimba. Hapo springi ndiyo dawa, na ndipo hela ya kwanza inapokwenda. Kama hukokoti tela, kifungue leo, ni bolti tu. Umeshanyanyua gari bure.

Difu na kishikio cha shokapu viko kwenye ekseli. Dawa yake ni tairi na kijiti cha dada. Bamba la mbele halina shida kubwa, mikwaruzo michache ni ya kawaida, lakini ukinyanyua mbele nalo litapona.

Kwa hiyo sioni inchi 4 inakwenda kutibu nini hapo.

Springi za nyuma zipo za kila aina ya mzigo, na hapa watu hukosea kwa tamaa. Unaona ndoo 20, unanunua springi ya mzigo mzito kabisa. Miezi ya familia gari litaruka kama mbuzi na mkeo atakuambia maneno. Umeshuka sentimita 9 kwa mzigo huu. Springi iliyo ngumu kwa theluthi moja zaidi ya hizo zako itashuka chini kidogo ya 7 kwa mzigo uleule. Chukua ya mzigo wa wastani, inayonyanyua sentimita 4 hadi 5 likiwa tupu. Hesabu: 51 jumlisha 4 ni 55, toa 7, unabaki na 48 ukiwa umejaza, pale ulipokuwa na 42. Sentimita 6 nyuma, na mzigo wote juu. Tena springi za gari la 2006 zilizobeba asali zitakuwa zimechoka, kwa hiyo sehemu ya hizo unarudishiwa tu haki yako. Msimu ukiwa mkali kuna mipira ya hewa inayoingia katikati ya springi ya nyuma, unaijaza upepo ukipakia, unautoa ukishusha. Inasaidia, ila isiwe mbadala wa springi nzima. Ile biashara ya vipande chini ya springi iache. Springi iliyochoka ukiiwekea kiatu bado imechoka.

Shokapu badilisha zote nne, na ziwe za urefu unaolingana na springi mpya. Springi ndefu na shokapu ya zamani, gurudumu likining'inia shokapu ndiyo inayobeba ekseli nzima kama kamba, inavunjika kichwa. Mbele chukua springi ndefu zenyewe, zinazonyanyua milimita 40 mpaka 50, spesa hazihitajiki.

Siku ya kufunga, simama hapo gereji, usiende kunywa chai. Mwambie fundi anyanyue gari magurudumu yaning'inie, kisha uangalie mabomba ya mpira ya breki ya nyuma na waya wa ABS, yasivutike. Kama gari lako lina ile valvu ya breki ya nyuma yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli, fimbo hiyo lazima irekebishwe, maana ukinyanyua bodi valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Halafu kuna fimbo ndefu iliyolala kati ya chasisi na ekseli ya nyuma, upande mmoja juu, mwingine chini. Ukinyanyua, fimbo hiyo inavuta ekseli pembeni. Kwa sentimita 4 ni milimita chache, wengi hawaioni. Kwa inchi 4 unaona kwa macho gari linatembea mshazari. Bushi zote za mikono usizikaze gari likiwa hewani. Lishushe likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza hewani bushi inaishi imejinyonga na inachanika mapema.

Alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, ni lazima, siku hiyohiyo. Ukinyanyua mbele, pembe zinabadilika na usukani unakuwa mwepesi wa ajabu, haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye lami gari linatangatanga basi likikupita. Kurekebisha kunafanywa na zile bolti za mkono wa chini zenye sahani ya mviringo. Na hapa gari la Japani lina ugonjwa wake: kama liliishi sehemu ya theluji, barabara zao humwagiwa chumvi, na bolti hizo zimeganda ndani ya bushi. Anza kuzipulizia mafuta ya kulainisha kutu wiki moja kabla. Zikikataa zinakatwa na kuwekwa mpya, kwa hiyo uwe na bolti mpya mkononi kabla ya kuanza, la sivyo gari linalala gereji likisubiri basi la Dar.

Matairi: nunua matano, siyo manne. Prado hili ni fowili muda wote, lina difu katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukipata pancha ukafunga la akiba la 265/65 kati ya 265/70, difu ya kati inazunguka kwa kilomita zote hizo bila kupumzika. Na tairi lako la akiba linaning'inia kwenye mlango wa nyuma. 265/70 mlango utalibeba. Lile la 285/75 lingeanza kudai bawaba mpya.

Kwa milioni tano na nusu sikuahidi kila kitu, bei hupanda kila nikipiga simu kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar. Zisipotosha, anza na nyuma pamoja na matairi matano. Mbele ifuate. Pua itakuwa chini kidogo gari likiwa tupu, hakuna atakayekufa.

Nanyuki_Mchanga

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko upande wa Nanyuki, Kenya, nina Prado kama hilo lakini la dizeli, na nimeliinua inchi 2 nikaweka 265/70. Nakubaliana na mzee Spana karibu yote.

Niongeze mambo mawili. Moja ni taa. Baada ya kuinua, peleka gari zirekebishwe, maana zitawamulika wenye magari madogo machoni, na ukipakia ni mbaya zaidi. La pili ni mrija wa kupumulia wa difu. Ukipita mto difu ikiwa moto, ikigusa maji baridi inavuta hewa, na kama mrija ni mfupi inavuta maji badala ya hewa. Makanika wangu aliurefusha mpaka karibu na kifuniko cha tangi la mafuta. Ni bei ya mpira na klipu mbili. Ukiona oili ya difu imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Kuhusu magari ya inchi nyingi, hata sisi tunayaona kwenye Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini huku Kenya, yanapendeza sana. Lakini angalia vizuri jinsi yanavyofika huko: mengi yanakuja yamebebwa juu ya lori.

Inchi_Nne

Sawa wazee, mmeniweza. Lakini mzee Spana, na hili la spidi je? Maana mimi trafiki wamenipiga tochi njia ya Morogoro nikiwa naona 50 kwenye dashibodi, naapa.

Spana17

Hukuonewa. Mshale wa spidi unahesabu mizunguko, haujui tairi limekua. Kwa tairi lako lililozidi karibu asilimia 11, ukiona 50 unakwenda 55. Na kwenye kibao cha 50 tochi haijadili. Kwa 265/70 ya Mrina ni asilimia tatu na nusu, akiona 50 yuko 51 na kitu, na kwa kuwa mishale ya kiwandani huwa inazidisha kidogo, atakuwa karibu na ukweli. Pakua programu ya spidi ya satelaiti kwenye simu, linganisha ukiwa kwenye lami iliyonyooka, uandike kikaratasi ubandike. Kilomita nazo zinasoma pungufu, kwa hiyo mtu anayekuambia matairi makubwa yameanza kula mafuta kupita kiasi, sehemu ya malalamiko yake ni hesabu tu. Siyo yote. Tairi zito linakula mafuta kweli.

Mrina_Sikonge

Wazee na dada, nimeelewa. Nimefungua chuma cha tela jana jioni, bolti sita, moja ilinitoa jasho. Nimeanza kupulizia zile bolti za mbele, mbili zinaonyesha dalili za kugeuka, ya kushoto nyuma imegoma kabisa, kwa hiyo nitaagiza mpya pamoja na springi.

Uamuzi: springi za nyuma za mzigo wa wastani za sentimita 4, shokapu nne, matairi matano ya 265/70R17 ya LT yenye meno ya njia zote. Mbele nitafunga hela ikibaki, kama haikubaki ni baada ya msimu. Fundi wa inchi 4 nimempigia, kanuna, kasema nitarudi.

Swali la mwisho kwa Dada wa Karatu: upepo uwe ngapi nikiwa na ndoo 20?

Dada_wa_Karatu

Kwenye lami ukiwa umejaza, nyuma usiwe chini ya psi 40, mbele 35 inatosha, kisha angalia kilichoandikwa ubavuni usikizidi. Ukiingia porini kwenye changarawe shusha nyuma mpaka 32 hivi, gari litaacha kutetemeka na ndoo zitaacha kupiga kelele. Mchanga ukiwa mzito na mzigo umo, 24 au 25, usishuke zaidi ya hapo na kilo zote hizo, tairi linaweza kutoka kwenye rimu ukikata kona. Lako ni tupu kabisa? 18. Nunua pampu inayochomekwa kwenye betri, zile za tundu la sigara zitakutesa. Na usirudi kwenye lami kabla hujajaza tena.

Spana17

Baada ya kilomita kama 500 za porini rudi gereji, bolti zote za springi na mikono zikazwe upya, na alaimenti ipimwe tena. Springi mpya hushuka kidogo zikizoea. Na ulete vipimo vya pembe nne hapa, tupu na ndoo 20, tuone kama hesabu yangu ya 48 ilikuwa ya kweli.

Inchi_Nne

Mrina, leta na bei ya asali.